Uso wa mfarishi umekamilika: nani aushone matabaka, na kwa njia gani?

Kila kipupwe kinapoingia, tukizungumzia kazi za mikono hewani, swali moja hurudi kwa simu na kwa ujumbe mfupi: nimemaliza kuunga viraka vyangu, sasa nifanyeje? Anayeuliza mara nyingi ana kitambaa kikubwa cha vipande vya vitenge, kimekunjwa sandukuni tangu mwaka jana. Kimemla miezi. Anaogopa kukigusa mwenyewe, na anaogopa zaidi kumpa fundi akakirudisha kimekunjamana.

Hofu hiyo ina sababu. Ukikosea wakati wa kuunga viraka, unafumua kiraka kimoja na kukirudia. Ukikosea wakati wa kushona matabaka, kazi yote iko hatarini kwa pamoja. Ndiyo maana tumeona tuliandike jambo hili kwa utulivu, ili msikilizaji alisome kwenye simu yake akiwa na kitambaa chenyewe mbele yake.

Tuanze na majina. Mfarishi ni blanketi la matabaka matatu. Juu kuna uso, yaani viraka vilivyoungwa. Katikati kuna kitu cha kutia joto. Chini kuna kitambaa kizima, tutakiita mgongo. Mishono inayopita matabaka yote matatu ndiyo inayoyashika yasiachane. Ina urembo wake, lakini kazi yake ya kwanza ni kuzuia tabaka la kati lisihame. Mfarishi usioshonwa vizuri ukifuliwa mara mbili, pamba yote inakimbilia pembe moja, na wewe unabaki unajifunika vitambaa viwili vitupu.

Tabaka la kati ndilo linaloamua

Watu wengi huanza kwa kuuliza bei ya fundi. Sisi tunashauri uanze na kile unachoweka katikati, kwa sababu hicho ndicho kinachosema mishono ikae umbali gani, na umbali wa mishono ndio unaosema kazi ni ya mkono, ya cherehani au ya mafundo.

Pamba tupu iliyochambuliwa na kutandazwa inahama upesi. Inataka mishono iliyokaribiana, sentimita 5 hadi 8 tu kati ya mstari na mstari. Wenzetu wa mikoa inayolima pamba wasishawishike kutumia pamba ya shambani yenye mbegu. Mbegu ina mafuta, na mafuta hayo yatatia madoa kwenye kitambaa chako. Polista, ile nyeupe nyepesi inayouzwa kwa mita na kutumiwa na mafundi wa majaketi, imeshikana yenyewe, hivyo inavumilia mishono iliyo mbali zaidi, hata sentimita 15. Blanketi kuukuu ni zuri kuliko watu wanavyodhani. Halihami kabisa, halikugharimu kitu, na kwa kuwa limeshafuliwa miaka mingi halitarudi tena. Ubaya wake ni uzito.

Sufi tunaikataa kwa kazi hii. Ni nzuri kwa mto na godoro, lakini kwenye mfarishi unaofuliwa inafanya mabonge.

Hapo pia fikiria siku ya kufua. Wengi wetu tunafua kwa mkono, kwenye beseni au mtoni, na mfarishi wa kitanda kikubwa ukilowa unahitaji watu wawili kuukamua. Masika ukiuanika unaweza kukaa siku tatu bila kukauka. Kama nyumba yako haina joto la kutosha kukausha kitu kinene, chagua tabaka jembamba, hata kama kipupwe chenu ni kikali.

Kupima na kutayarisha

Tandika uso sakafuni, uupige pasi, kisha upime upana wake mara tatu: juu, katikati na chini. Vipimo vikilingana, umebahatika. Vikipishana kwa sentimita 1 au 2, mishono italificha hilo. Lakini kama kingo ni pana kuliko katikati kwa sentimita 4 au 5, zitakuwa na mawimbi hata akishona fundi bingwa, na fundi atalaumiwa kwa kosa ambalo si lake. Rekebisha kwanza kwa kubana baadhi ya miunganiko.

Geuza uangalie nyuma. Nyuzi nyeusi zinazoning'inia chini ya kiraka cheupe zitaonekana kwa juu milele, kwa hiyo zikate sasa. Kisha shona mstari mmoja kuzunguka ukingo wote, karibu kabisa na mwisho wa kitambaa, ili miunganiko ya pembeni isifumuke wakati uso unavutwa huku na huku. Kama una wasiwasi na rangi, hasa nyekundu na buluu iliyokoza, lowesha kitambaa cheupe na ukisugue juu ya kiraka. Kikitoka na rangi, bora ujue leo.

Mgongo lazima uwe mkubwa kuliko uso, walau sentimita 10 kila upande, kwa sababu kushona kunavuta kitambaa ndani. Doti ya khanga inafaa sana. Khanga moja ina takriban sentimita 150 kwa 110. Ukiunga mbili kwa ule upande mrefu unapata kama 150 kwa 217, na hiyo inatosha uso wa 130 kwa 195. Ukiiweka vizuri, jina la khanga linabaki likisomeka kwa nyuma, na tumeona wanunuzi wakilipenda hilo kuliko hata uso wenyewe.

Kwa uso wa 150 kwa 200, unahitaji mgongo wa 170 kwa 220. Kitenge kina upana wa kama sentimita 115. Watu hukata vipande viwili virefu vya mita 2.2 na kuviunga ubavu kwa ubavu, wanatumia mita 4.4 na kutupa nyingi. Kata badala yake vipande viwili vya mita 1.7, uviunge mmoja juu ya mwingine, mshono ukae kwa upana. Utatumia mita 3.4 tu. Kwa bei ya kitenge cha sasa, tofauti hiyo inanunua uzi wote wa kazi hii. Fua kitambaa cha mgongo kabla, maana pamba mpya hurudi.

Kuna kazi moja ambayo haikwepeki kwa njia yoyote kati ya zile tunazokuja kuzieleza, nayo ni kupiga bandi. Tandika mgongo, upande mzuri uangalie chini, uuvute ukae sawa bila kuunyoosha kupita kiasi, na uweke mawe pembeni usitembee. Tandaza tabaka la kati, kisha uso. Anzia katikati kwenda nje, ukishona bandi ndefu za mkono kila upana wa kiganja, au ukitumia pini za nepi. Mikunjo karibu yote inayoonekana nyuma ya mfarishi ilizaliwa hapa, kwa mtu aliyeharakisha bandi.

Mafundo, njia inayodharauliwa

Njia rahisi kuliko zote ni kufunga mafundo. Unapitisha sindano yenye uzi mnene wa pamba kutoka juu hadi chini na kurudi juu, unafunga fundo la kulia juu ya kushoto kisha kushoto juu ya kulia, na unaacha mikia ya sentimita 2. Kwa uso wa 150 kwa 200, fundo kila sentimita 10, utafunga mafundo kama 300. Watu wawili wanayamaliza Jumamosi moja wakiwa wanasikiliza redio, na hatusemi hivyo kwa kujipigia debe.

Mafundo yanafaa kwa blanketi kuukuu au polista katikati. Yanafaa pia pale viraka vyenyewe ni vigumu, mfano suruali za jinzi za mtumba, ambazo sindano ya mkono hupita kwa taabu, au pale umechanganya vitambaa vinavyovutika na visivyovutika. Kwa pamba tupu hayafai, itahama. Uzi wa sweta wa plastiki nao unateleza na fundo linajifungua. Kama una uzi huo tu, funga mara tatu.

Tunajua wako wanaoona mafundo ni kazi ya mtu asiyejua kushona. Sisi hatukubaliani. Blanketi la watoto linalofuliwa kila wiki halihitaji zaidi ya hapo, na fundo likikatika unalifunga upya kwa dakika moja.

Kushona kwa mkono

Hapa hesabu inabidi ifanywe kwa uwazi. Chukua uso uleule wa 150 kwa 200, mistari iliyonyooka kila sentimita 5. Hiyo ni mistari 29 ya mita 2, karibu mita 58. Ukipiga mishono miwili kwa kila sentimita, utakuwa umechoma sindano zaidi ya mara 11,000. Kwa mtu mmoja mwenye shamba, mifugo na watoto, hiyo ni kazi ya miezi, na mara nyingi ndipo uso unaporudi sandukuni.

Lakini kwa kikundi hesabu inageuka. Mfano unaojulikana sana ni Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani weusi kwenye kona ya Mto Alabama, huko Marekani. Kwa vizazi, mwanamke wa pale aliunga uso wake peke yake nyumbani, kwa mtindo wake, kutoka nguo za kazi zilizochakaa. Uso ukikamilika, majirani walikusanyika kuzunguka fremu na kuushona pamoja. Mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo walianzisha ushirika, Freedom Quilting Bee, ili wauze mifarishi yao. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilionyeshwa katika jumba la sanaa la Houston, na wakosoaji wakaipokea kama sanaa kubwa.

Utaratibu wao wa kuunga peke yako na kushona na wenzako unaingia vizuri kwenye vikundi vyetu. Wanawake sita kwenye fremu moja, watatu kila upande, wanaweza kumaliza mfarishi mmoja ndani ya siku chache na kuhamia wa mwenzao, kama mchezo wa kupeana fedha, ila hapa kinachozunguka ni mikono. Fremu ni mbao nne. Mbili ndefu kuliko upana wa mfarishi, mbili fupi za kuzitenganisha, na kamba za kubana pembe. Mgongo unafungwa kwenye mbao ndefu, kazi iliyomalizika inaviringishwa. Nunueni kastabini, walau moja kwa kila mtu, maana bila hiyo kidole cha kati hakitafika jioni.

Jambo la kukubaliana mapema ni ukubwa wa mshono. Mmoja akipiga midogo na jirani yake akipiga mikubwa, mnunuzi ataona. Mfarishi wa kujifunika wenyewe, hilo halina shida hata kidogo.

Cherehani ya nyumbani

Cherehani ya mguu, Butterfly au Singer uliyorithi kwa bibi, inaweza kazi hii. Inakwenda polepole, haihitaji umeme, na mshono wake ulionyooka ndio hasa tunaoutaka. Tatizo ni nafasi. Kati ya sindano na mwili wa cherehani hakufiki hata shubiri moja, na nusu nzima ya mfarishi inapaswa kupita humo ikiwa imeviringishwa kama mkeka. Mfarishi wa mtoto mchanga unapita bila wasiwasi. Wa kitanda cha futi tatu na nusu unapita kwa kubishana. Wa futi sita wenye tabaka nene, kwa maoni yetu, usijaribu peke yako.

Weka sindano namba 16, refusha mshono ufike milimita 3, na ulegeze mgandamizo wa mguu unaobana kitambaa, maana ukigandamiza sana uso unasukumwa mbele huku mgongo ukivutwa na meno ya cherehani. Mstari wa kwanza uwe wa katikati kabisa, kisha elekea ukingo mmoja, ugeuze, uelekee mwingine. Anza mistari yote upande uleule. Ukishona mmoja kwenda na mwingine kurudi, katikati yake kitambaa kinapinda. Weka meza au benchi kushoto kwako libebe uzito, na mtu wa kukushikia nyuma. Mfarishi ukining'inia, ni uzito wake unaovuta sindano, na sindano inavunjika.

Kama bado hujaunganisha viraka vyote, kuna ujanja mwingine: gawa kazi mafungu matatu marefu, shona matabaka ya kila fungu peke yake, kisha unga mafungu. Hakuna fungu litakalokushinda kuviringisha.

Wapo watu walioenda mbali zaidi wakaondoa kabisa hatua ya kusubiri. Wasidi wa jimbo la Karnataka nchini India ni watu wa asili ya Afrika, ambao wahenga wao walivushwa bahari karne nyingi zilizopita, wengi wao wakiwa watumwa. Wanawake wao hushona blanketi za viraka ziitwazo kawandi. Hawana uso unaokamilishwa kwanza. Wanachukua kitambaa cha mgongo, wanaanza kwenye ukingo, wanaweka kiraka na kukishona moja kwa moja juu yake kwa mshono wa mkono, wanazunguka na kuzunguka mpaka wanakutana katikati. Kiraka kinaungwa na kushonwa kwa mara moja. Pembeni huweka vipande vidogo waviitavyo phula, maana yake maua. Kwa aliye na uso uliokwisha kamilika ujanja huo umechelewa, ila kwa mfarishi unaofuata unaweza kukuepusha na swali hili lote.

Kulipa mtu

Marekani na Ulaya, wenye nyuso zilizolala sandukuni huzipeleka kwa mafundi wenye cherehani ya mkono mrefu. Mfarishi unatandikwa kwenye fremu ya mita 3 au zaidi na hausogei. Kinachosogea ni kichwa cha cherehani. Malipo huhesabiwa kwa inchi ya mraba. Uso wa inchi 60 kwa 80 ni inchi 4,800, zidisha kwa bei ya inchi. Mchoro mmoja unaojirudia kutoka ukingo hadi ukingo ni wa bei ya chini, na mchoro unaofuata kila kiraka ni ghali, wakati mwingine mara kadhaa. Hata kama huna fundi wa aina hiyo karibu, hesabu yake ni ya kuazima. Kadiria kazi kwa eneo na kwa wingi wa mistari. Ukikadiria kwa macho utabishana na fundi siku ya kuchukua.

Kwetu, anayeweza kukusaidia ni fundi nguo mwenye cherehani ya kiwanda, au fundi wa masofa. Huyu wa pili watu hawamfikirii, na cherehani yake ndiyo yenye nguvu na nafasi zaidi. Ila amezoea ngozi na turubai. Sindano yake nene inaacha matundu kwenye kitenge, na uzi wake ni wa nailoni unaokata pamba taratibu. Mwombe aweke sindano nyembamba, na uzi ununue wewe.

Usimpe yeyote uso wako kabla hajakushonea kipande cha majaribio. Tengeneza matabaka matatu ya sentimita 30 kwa 30, vitambaa vilevile, umwache apige mistari minne. Geuza nyuma. Kama kuna mikunjo, au uzi wa chini umelegea na kufanya vitanzi, shukuru na uende. Fundi mzuri hatakasirika kuombwa hivyo.

Mkikubaliana, andikeni kwenye karatasi, hata kama ni binamu yako: mistari iwe umbali gani, nani ananunua uzi, nani amepiga bandi, lini kazi itatoka, na itakuwaje kitambaa kikichanika au kikiungua pasi. Piga picha uso kwa simu mbele yake, uso mzima na pembe zake. Lipa nusu. Epuka Desemba na Januari, kipindi cha nguo za sikukuu na sare za shule, na wiki za kuelekea Idd, maana mfarishi wako utakaa chini ya meza ukikanyagwa.

Tungelipa fundi kwa mfarishi mkubwa wa kuuza au zawadi ya harusi, pale ambapo mistari inapaswa kunyooka na siku inajulikana. Kwa wa kuuza, jumlisha kitambaa, tabaka la kati, uzi na ujira wa fundi kabla hujamtajia mnunuzi bei. Wengi hutaja bei ya viraka tu, na fundi anaondoka na faida yote.

Ukishapata kazi yako, usikimbilie kukata kingo. Laza mfarishi, kagua nyuma na mbele, fumua palipojikunja ukiwa bado una ziada ya mgongo ya kushika. Ndipo ukate matabaka yote yawe sawa na kuzungusha utepe wa kitenge wa upana wa sentimita 6, uliokunjwa mara mbili, ushonwe kwa cherehani upande wa uso na kumaliziwa kwa mkono upande wa mgongo. Bandi unazitoa mwisho kabisa. Mfuo wa kwanza uwe wa maji baridi, peke yake, na uuanike umelala juu ya kamba mbili ili uzito usiuvute upande mmoja.